Sanda ya Tatu

Ya kwanza niliinunua Newala, mwaka ule korosho ilipopanda bei,
bafta safi, nikaikunja na kafuri
nikaisukuma chini kabisa sandukuni.
Haikumaliza masika.
Nambunga alifiwa na kitindamimba, hana hata shuka;
nikaitoa.

Ya pili alivishwa baba yako,
yeye aliyekuwa akinicheka: "Somoe, unakiita kifo kwa jina."

Hii ya tatu, Bihawa, ni yangu.
Usiigawe, hata nikikujia ndotoni nikakuomba.

Kalamu inaandika?
Mikorosho kumi na minne ya Mnyambe ni ya wanao wa kike.
Mjomba wako atakuja na daftari lake:
mpe chai, usimpe ufunguo.
Nadaiwa elfu nane na yule mama wa mafuta ya taa.
Chipoka namdai debe la mtama. Msamehe,
ila mwambie nilikuwa sijasahau.

Ndanda msinipeleke tena.
Mpira wa puani niliuona kwa dada yangu;
mtu anataka uji, anatundikiwa chupa.
Nikishindwa kumeza, nilowesheni midomo, basi.

Na lile pipa la bluu lisiguswe.
Ni maji ya mvua, ya kunioshea.
Miaka arobaini nimeyapandisha maji kichwani kutoka bondeni;
siku hiyo yanifuate yenyewe.

Haya, soma nisikie.

Ngoja. Nani anabisha, usiku wote huu?
Si mke wa Chipoka huyo, analia?

Fungua mlango, mwanangu.
Kisha niletee ufunguo wa sanduku.