Jiuti

Kule Imereti, Georgia, jiuti husemwa kwanza juu ya punda.
Kisha juu ya mlango uliovimba kwa mvua ya Novemba,
kikohozi, doa la divai kwenye kitambaa cha harusi,
na Gocha, miaka sita, aliyefumba mdomo mbele ya maharage
mpaka yakaganda.

Nimelitafutia mwenzake kwetu.
Kaidi? Kaidi hujibu, hupandisha bega.
Mbishi anataka kushinda.
Sikio la kufa limeshahukumiwa kabla ya kusikia.
Tsiala hajibu. Anafinyanga.

Mitungi yake humeza mtu mzima.
Huzikwa ardhini hadi shingoni, divai ikalala humo baridi yote.
Lakini kwanza hupakwa nta ya nyuki kwa ndani, ingali moto,
udongo uinywe.
"Usipoupaka," husema, "udongo husikiliza kila kitu."

Walikuja watu wa matangi ya chuma:
Zauri, kalamu mbili mfukoni,
na mwenzake aliyeisifu chai kabla hajaionja.
Wakatandaza picha, hesabu, jina lake Tsiala
likimeremeta ubavuni mwa tangi.
Akawauliza kama wangeweza kumshikia ngazi.
Zauri aliishika saa nzima,
akaondoka na nta kiatuni.

"Jiuti," alisema langoni, na jirani, Natela, akaitikia;
Natela yuleyule ambaye Jumapili,
akimwonyesha mgeni ile mitungi,
alisema jiuti tena, kwa sauti nyingine,
kana kwamba anamtaja bibi harusi.

Nisiwadanganye lakini.
Kwa neno hilohilo hakusema na dada yake Mzia
miaka kumi na mmoja, kisa sufuria ya shaba.
Mzia alikufa Februari.
Sufuria ipo juu ya kabati, kifudifudi.

Chini ya kidole gumba cha kulia ana sugu.
Nikadhani nimelipata: sugu,
ngozi na tabia katika neno moja.
Ila sugu huja kwa kusuguliwa,
na hapa wanaapa alizaliwa hivyo, miguu ikitangulia.
Sikio langu nalo limeng'ang'ania lake:
ndani ya jiuti linasikia uti, ule wa mgongo,
ingawa maneno hayo hayajuani hata kwa salamu.

Jana punda aligoma katikati ya barabara, lori likipiga honi.
Tsiala akamwendea, akamnong'oneza kitu.
Punda hakusogea.
Akaweka kapu chini,
akasimama naye.