Mlango Usio na Chumba

Bwana Shaame Vuai alinijia karakanani, Mwembetanga,
na vipimo juu ya kipande cha boksi la sabuni:
inchi sabini na tano, pembe hadi pembe.
"Fundi, nataka mlango."
Wa chumba gani?
Akatazama nyuma kama mtu anayedaiwa.
"Wa tivii."

Milango thalathini na moja nimechonga umri wangu huu.
Ya hoteli. Wa msikiti mmoja Fuoni, sikuchukua ujira.
Mmoja ulitiwa kontena, ukavuka maji, sijausikia tena.
Wa tivii sikupata kuombwa.

Akaeleza. Mkewe, Zuwena, kainunua
kwa fungu lake la mchezo, mwaka mzima wa kushona mabuibui,
na pazia la dirishani kalipiga fundo
ili wapitao njia ya Chukwani waone.
Mama mtu, Bi Mashavu, anakuja Ijumaa kwa hitima ya marehemu mumewe,
naye hasomi penye sura za watu.
"Mke ataka wazi, mama ataka isiwepo.
Mie niko katikati."
Nikamwambia, katikati ya mlango huitwa mfaa.
Hakucheka.

Nikatoa mfenesi, mbao za manjano
nilizozificha tangu masika ya mwaka juzi.
Mnyororo pembeni, samaki chini,
yungiyungi juu, njumu za shaba kumi na mbili.
Patasi ikigonga, nami nawaza:
wa kale waliuelekeza mlango njiani,
mgeni akaihesabu karafuu ya mwenyewe
kabla hajapiga hodi;
ndani mkeka, birika, ukuta mtupu.
Leo mali iko ndani inamemeta
na mlango ndio unaoitwa uje uisitiri.
Uisitiri!
Mlango wangu, nasema bila kujisifu
(najisifu),
ulikuwa mzuri kuliko tivii.

Zuwena aliuzunguka kwa macho, mkono kiunoni.
Nikangoja kutukanwa.
"Ukifungwa," akasema, "watu watauliza ndani mna nini."
"Watauliza."
"Basi ufunge."

Ijumaa nilikuwapo, nakaza bawaba iliyokuwa ikilia.
Ubani umeshatiwa chetezoni,
mikate ya kumimina imefunikwa kawa.
Bi Mashavu akaingia, akasimama,
akapitisha kiganja juu ya samaki wangu, mmoja mmoja,
kama anayewatafuta mifupa.
"Mmeongeza chumba," akasema, "wala hamkunambia."
Bwana Shaame akaangalia vidole vya miguu yake.
Bibi akaweka sawa mtandio,
akagonga mara tatu, kwa adabu.
"Hodi."

Sasa, mjukuu, Yumna, miaka minne,
alikuwa kaikalia rimoti chini ya mto.
Ndani ya mfenesi ikatoka sauti ya mwanamme,
nzito, tulivu, ya mtu aliyesoma:
"Karibuni. Na sasa ni taarifa ya habari."

Hakuna aliyepumua.
Bi Mashavu akamgeukia mwanawe polepole.
"Kumbe mna mgeni.
Mbona mmemfungia? Mpeni chai."

Hata leo sijui kama alijua.
Hitima ilisomwa, ikaitikiwa,
sauti ya ndani ilishazimwa zamani,
na wanawake wote, juzuu mkononi,
walikuwa wakiuibia mlango jicho.
Zuwena alipita na chano akitembea kama harusi ni yake.

Wakati wa kuvaa viatu, bibi akaniita pembeni.
"Nichongee na mie mmoja, mdogo, wa Makunduchi.
Uutie kwenye ukuta wa chumba changu.
Nyuma yake usiweke kitu."
Akatazama pale uliposomewa ubani wa mumewe,
kisha akatafuta kiatu cha pili.

Mbao ninayo. Njumu nimeshaagiza.
Mwezi wa pili huu sijaanza:
sijajua bawaba nizitie upande gani,
mlango ule ufungukie kwake
au ufungukie huko.