Gunia la Ghorofa ya Nne

Nasimiyu wa gredi ya tano alirudi
na karatasi iliyokunjwa mara nne:
"Mzazi amsaidie mwanafunzi kuotesha mboga.
Picha zifike kabla ya likizo."
Mzazi ni mimi,
mimi niliyelikimbia jembe la mama kule Kimilili,
nikaapa mikono yangu itashika kalamu tu,
na kalamu ikanitupa kwenye duka la kunakili karatasi,
Tassia, chini ya jengo letu.

Tuanze na udongo, nilipokosea kwanza.
Fundi anayechimba msingi barabarani
alinijazia gunia bure, mwekundu, mzuri kwa macho.
Nikaubeba ngazi zote, nikihema kama mvukuto.
Nasimiyu akauminya, akafungua kiganja:
donge, kama chapati mbichi.
"Baba, huu umetoka chini mno. Hauna kitu hai."
Mtoto wa miaka kumi akanishusha ngazi tena.

Samadi ya mbuzi tuliipata Kware,
ile iliyokaa hadi ikasahau harufu yake;
mbichi huunguza mizizi.
Madebe mawili ya udongo wa juu, moja la samadi,
na katikati ya gunia mkebe uliotobolewa pande zote mbili:
jaza kokoto, zungushia udongo, vuta mkebe juu,
jaza tena, vuta tena,
mpaka mawe yasimame humo kama uti wa mgongo.
Maji yatapita hapo yafike chini.
(Usiulize kuhusu kidole changu.)

Mbegu ya sukuma ni ndogo kama nukta.
Mimi nilizizika kina cha kidole kizima,
kama mtu anayeficha pesa.
Wiki mbili, kimya.
Tukarudia kwenye trei ya mayai,
tukazifunika kwa udongo kiasi cha blanketi la Januari.
Siku ya sita nikakuta vijani viwili viwili,
vimeinama kama wageni kwenye mlango mfupi.

Nikafurahi, na furaha yangu ikawa maji.
Asubuhi maji, mchana maji, nikifunga duka maji,
haya haya ya mfereji yanayokuja Jumanne na Ijumaa,
nikayamwaga kama mkazi wa Runda.
Vishina vikawa nyuzi. Vikalala.
"Ingiza kidole, Baba, hadi kiungo cha pili.
Kikitoka kikavu, mwagia.
Kikitoka na udongo, ondoka."

Vilivyopona tukavihamisha jioni, jua likishalegea.
Mche hushikwa jani, si shina:
jani likikatika litaota jingine,
shina halina ndugu.
Na jua letu ni la kukopa, huja saa tatu,
saa saba jengo la mbele linalidai,
kwa hiyo kila siku tunaligeuza gunia kidogo,
kama mgonjwa kitandani.

Matone yakafika ghorofa ya tatu,
kwenye shuka nyeupe za Bi Kerubo.
Alipanda ngazi na shuka lenyewe mkononi.
Sitaandika aliyoyasema.
Tukaweka karai chini ya gunia; kinachochuruzika
kinarudi juu, samadi yake ikiwa bado ndani.
Ila vidukari walipovamia, weusi, wamejibana chini ya majani,
ni yeye aliyeleta jivu la jiko lake kwenye kopo la siagi,
akanyunyiza bila kunitazama.
Majani matatu ya kwanza yalikwenda kwake.
Ya chini, yaliyokomaa; moyo wa mmea haukatwi.

Ripoti imekuja Alhamisi.
Kilimo: Anakaribia Matarajio.
Nasimiyu amelia, akalala bila kula.
Mimi nimeisoma mara tatu, nikaikunja mara nne,
nikatoka nje gizani, nikaingiza kidole
hadi kiungo cha pili.

Kimetoka na udongo.
Nikaondoka.