Kisanduku cha Saba

Fomu inauliza: Changamoto. Maneno hamsini, yasizidi.
Saa nne usiku, ofisi ya El Alto, hita imekufa,
nimevaa glavu moja; mkono wa pili ni wa kubonyeza.
Nimeandika: "Kuchelewa kwa vipuri."
Nimefuta.

Kwanza wajue Qala Uta iko wapi:
saa sita kwa lori, zilizobaki ni za miguu yako,
mahali maji hulala ndooni yakiwa maji
yakaamka jiwe.
Huko tulichimba kisima, tukafunga pampu ya buluu,
tukapiga picha. Wara, binti wa Eusebia, anakunywa,
maji yanamtiririka kidevuni.
Picha hiyo imesafiri kuliko yeye:
imo kwenye kalenda, imo ukutani mwa benki moja ng'ambo.
Wara mwenyewe hajafika hata La Paz,
na asubuhi hii amebeba madumu.

Mwezi wa sita baridi ilikata pete ya mpira ndani ya pampu.
Pete tu, upana wa bangili ya mtoto.
Haiuzwi Oruro. Haiuzwi La Paz.
Hutoka kiwandani, kwa meli, kwa barua, kwa sahihi tatu.
Bajeti ina fungu la mabango,
ina fungu la warsha ya nne
("Umiliki wa Jamii", chai na vitafunio).
Fungu la pete halimo.
Nilipouliza nilijibiwa kwa upole:
mwaka huu wafadhili wamehama maji,
wamehamia ubunifu wa vijana.
Vijana wa Qala Uta ni tisa. Sita wanafungasha.

Bango lipo. Limesimama wima kuliko kanisa,
mikono miwili imeshikana, majina yetu kwa rangi isiyopauka.
Llama hujikuna hapo.
Fermín Ticona aling'oa boliti mbili
akafungia bati la paa lake.
Katika mradi mzima, hizo ndizo zilizomfikia mlengwa.

Lakini hili sijui nilitie kisanduku gani:
kabla yetu walikuwa na chemchemi, na mfereji wa mawe.
Kila Agosti walitoka wote na sepetu,
wakausafisha, wakala viazi kwa chumvi, wakagombana, wakarudi.
Hakuna aliyetia sahihi popote.
Tukaja sisi na karatasi ya mahudhurio, na posho.
Agosti iliyopita Fermín alipuliza baragumu
hadi mashavu yakamuuma.
Walikuja wanne. Wa tano alisimama mbali, akauliza:
"Leo mlipaji nani?"
Nyasi zimeumeza mfereji.
Na karatasi ile niliipigia mistari mimi,
kwa rula.

Siku ya tatu hatukulala kwao.
Mgeni asiyepewa jembe huondoka akidhani amelima.

Eusebia ndiye mweka hazina.
Michango mia mbili na kumi na miwili, kopo la kahawa,
mkaguzi yeyote hajawahi kulifungua.
Alinifungulia mimi. Akahesabu mbele yangu. Akarudia.
Kisha akanipeleka kwenye pampu:
alikuwa amekata pete kwenye katambuga la marehemu mumewe,
kwa kisu cha kuchunia kondoo.
Maji yalitoka siku kumi na moja.
Akakata la pili. Siku tisa.
"Basi," alisema, akiitazama pampu, si mimi,
"mume wangu hakuwa na mguu wa tatu."

Kisanduku cha saba.
Nimeandika: "Makatambuga."
Kompyuta imelipigia neno hilo mstari mwekundu.
Yamebaki maneno arobaini na tisa
na sina hata moja.

Nimevua buti la kushoto,
nimeinua soli kwenye mwanga wa skrini,
nikaibonyeza kwa kidole gumba.
Plastiki.
Haifai.