Kishika Uchumba

Dalali Mwinchumu alituambia mapema, hakuficha:
"Hii imeshashikwa. Kuna mtu katoa kishika uchumba."
Alisema hivyo huku anafungua geti.

Ndivyo wanavyoita, utadhani nyumba ni mwali
anayechungulia kwenye pazia wazee wakihesabu.
Milioni mbili, risiti ya mkono,
sahihi ya mjumbe, na dole gumba
la Bi Mwatumu, la wino wa bluu.

Tabata Kimanga, mtaa wa nyuma.
Vyumba vitatu, bati la zamani, mpera mmoja,
choo cha ndani kisicho na mlango bado.
Siwema akafungua bomba la jikoni. Likakohoa,
likatema kutu, kisha likatoa maji.
Akanitazama.
Miaka kumi na moja ya kodi ya miezi sita sita
ilikuwa ndani ya jicho lile.

Sebuleni, sakafuni, chaki.
Mtu kachora mstatili: KABATI.
Mwingine: MEZA.
Chumba cha pili, mstatili mwembamba,
na ndani yake, kwa mkono wa mtoto: MIMI.

"Nesi wa Temeke," dalali akasema. "Anasubiri mkopo.
Kapewa mpaka tarehe thelathini."
Ilikuwa tarehe kumi na tisa.

Nilifunzwa. Marehemu baba alikuwa akisema
haipelekwi posa juu ya posa,
wala mtu hanunui juu ya ununuzi wa nduguye.
Aliyasema hayo akiwa mpangaji.
Jeneza lake tulilipitisha mlango wa mtu,
tukiinamisha, maana mlango ulikuwa mfupi.

Nikauliza, "Yeye katoa ngapi?"
Hilo tu.
Dalali akatazama simu yake
kama vile jibu lilikuwa humo.
"Arobaini na nane."
Pera likaanguka juu ya bati.

"Mwambie Bi Mwatumu hamsini na mbili. Taslimu."
Nilisema kama mtu anayeagiza chai.

Usiku Siwema alikaa kitandani bila kuvua hereni.
"Na akija wa hamsini na tano?"
"Tutakuwa tumeshaandikishana."
"Na yule?"
"Atarudishiwa pesa yake."
"Sikuulizia pesa."
Feni ikazunguka. Nayo ilikuwa ya mwenye nyumba.

Siku ya nne dalali akapiga.
Bi Mwatumu alikataa, akalia, akakataa tena;
kisha wanawe wakamkalia kikao,
maana mirathi ile ina midomo mitano,
na milioni nne, hata ukizikata vipande vitano, si haba.
Akakubali kwa sharti:
pesa ya nesi atairudisha mwenyewe, mkononi,
na mimi niwepo.

Alikuja na sare, viatu vyeupe vimeshika tope.
Akahesabu noti moja moja, kama vidonge.
Hakukosea. Hakunitukana.
Aliuliza tu: "Lile bomba la jikoni mmelitengeneza?"
Nikasema bado.
"Lizungushe taratibu. Lina kichaa."

Huu mwaka wa pili.
Siwema alideki mara tatu kabla hatujahamia,
lakini saruji ile ina vinyweleo, chaki imezama,
na unyevu wa masika ukipanda mistari inarudi.
Kabati letu limekaa ndani ya kabati lake.
Tulijaribu kwingine, halikuenea.
Alipima vizuri.

Ukutani, upande wa barabara, nimeandika kwa rangi nyekundu
kama walivyoandika majirani: NYUMBA HII HAIUZWI.
Juzi kijana mmoja alisimama, akaisoma,
akaandika kitu kwenye simu yake, akaenda zake.
Nililala na hati chini ya mto.

Binti yetu ameanza kusoma.
Neno la kwanza alilolisoma bila kusaidiwa
lilikuwa sakafuni, chini ya kitanda chake.
Alitoka mbio kutuita.
Anaamini aliliandika yeye.