Mlingoti wa Kumi na Moja

Mimi ndiye niliyeisimamisha,
milingoti kumi na miwili, Barani hadi Maweni,
kila mmoja na macho manne utosini.
Mulikamwizi, watu wakaiita, wakapiga vigelegele,
na Mama Mbodze akalisogeza karai lake la viazi
hadi chini ya ule wa kumi na moja,
akanipa vitatu bure, na ukwaju juu yake.
Mbingu sikuiwaza. Fundi wa umeme
huangalia nyaya.

Kisha Nyevu, mtoto wa kaka yangu,
akaja na daftari la sayansi:
Shangazi, tumeambiwa tuhesabu Kilimia.
Nimehesabu. Ni sifuri.

Tukapanda darini. Sifuri kweli.
Juu palikuwa na rangi ya chai
iliyozidishwa maziwa.

Basi tukaanza kulitafuta giza
kama watu wanavyotafuta kiwanja:
kwa kuulizauliza, kwa pikipiki ya kuazima,
kwa kukataa viwili vitatu.

Ufuoni, kila hoteli imejifunga mkanda wa taa
na maji yanazirudisha zote, na faida.
Arabuko, giza lipo, la kukata kwa kisu,
ila miti imelivalia kofia.
Askari wa msitu akauliza, mwatafuta nini?
Nyota.
Hapa, akasema, tuna ndovu.

Nyevu akataka japo nyota ya jaa.
Nikamwambia, mwanangu, ile huku kwetu haichomozi.
Jaa tulilo nalo Malindi ni lile la taka,
nalo limeshawekewa taa.
(Nani aliiweka, hakuuliza.)

Tukangoja mwezi uishe.
Tukavuka daraja la Sabaki, Mambrui, Marikebuni,
vumbi likiingia hata kwenye meno ya nyuma,
tukafika Marafa, kule Nyari,
ardhi ilikopasuka na kuacha mbavu zake nje.
Langoni alikuwapo Tabu, binti wa miaka ishirini hivi,
na kitabu cha risiti kisichojua usiku:
mgeni, bei yake; mwenyeji, bei yake;
giza, hakuna safu.
Akafikiri. Akaandika:
*Wawili. Kuangalia juu. Shilingi mia.*

Zimeni tochi, akasema. Na simu.
Macho ni mavivu, yapeni robo saa.

Hazikuja kwa pamoja.
Zilikuja kama watu wa matanga,
mmoja, kisha mmoja, bila hodi,
kila mmoja akijua pa kuketi,
hadi uwanja ukajaa na bado wanaingia.
Suheli kule kusini, peke yake, mnene.
Na Kilimia.
Nyevu akahesabu sita, akajikana, akahesabu saba.
Nami nikalisikia neno lima ndani ya jina hilo
kwa mara ya kwanza, miaka arubaini na mbili,
mjukuu wa watu waliopanda mahindi kwa kukitazama.

Na ile? Nyevu akanyoosha kidole kusini mashariki.
Ile kubwa, ya manjano,
iliyoota juu ya ardhi kama uyoga?
Ile ni nyota gani?

Ile ni mimi, nikasema.

Tabu alicheka. Mtoto hakucheka.

Jumatatu nikaukwea ule wa kumi na moja
na spana, na vipande vinne vya bati
nilivyovikata mwenyewe jikoni.
Mama Mbodze akapaza sauti kutoka chini:
Wanizimia? Nitahesabuje chenji?
Sizimi, mama. Naziinamisha.
Zikainama, jicho baada ya jicho,
mwanga ukashuka wote kwenye karai,
kwenye sarafu, kwenye vidole vyake vya manjano,
akasema, ee, sasa naona hata chumvi.

Mmoja kati ya kumi na miwili.
Usiku ule nikapanda darini na daftari la Nyevu.
Sifuri bado.
Au moja, hafifu, upande wa Kakuyuni,
kama haikuwa ndege.
Nikaandika moja, kwa penseli.