Kufuli

Mama alikuwa akirudi mara tatu kutikisa kufuli,
hata akienda kununua ndimu tu, Barabara ya Kumi na Mbili.
Baba akimwita Somoe Wasiwasi.
Usiku akituhesabu tumelala;
akikosea, anaanza upya.

Leo mlango u wazi tangu alfajiri,
kuku wa jirani wamo sebuleni wanadonoa mkeka,
naye yuko barazani, mwepesi kama nguo iliyokauka,
ananiuliza mimi mtoto wa nani.
Sijapata kumwona na amani hivi.

Daktari wa Bombo aliuliza: zamani alikuwa mtu wa namna gani?
Nikamjibu: wa kurudi.

Sasa nafunga mimi.
Nimefika kona ya msikiti.
Nimerudi, nimetikisa.
Nimefika kona.
Nilifunga?